Buster Keaton: ukuta wa nyumba ulimwangukiaje bila kumponda, na kwa nini alififia baada ya 1928?

Kinyago_Bubu (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam. Kuna kikundi cha maigizo ya bila maneno kinaandaa usiku wa filamu bubu, na mhusika mkuu ni Buster Keaton. Watatanguliza kipande kifupi cha jukwaani kwa mtindo wake, halafu filamu mbili. Maelezo ya mtandaoni yanapishana mno, kwa hiyo mwenye kujua kwa undani ajibu lolote kati ya haya.

Maisha yake yalikwendaje, ukiondoa chumvi? Ule ukuta wa nyumba unaomwangukia akabaki amesimama kwenye tundu la dirisha, ni hila ya kamera au ni kweli? Kwenye The Playhouse anaonekana mara tisa katika picha moja, mwaka 1921, kompyuta hazijazaliwa, iliwezekanaje? Nakala za Sherlock Jr. zina urefu tofauti, nyingine watu wanakimbia kama kuku, nyingine wanatembea kama wako majini. Ipi ndiyo mwendo sahihi? Na mwisho kofia yake ile bapa: inanunuliwa au inatengenezwa? Anayejua na habari za keki za kurushiana usoni aongeze.

BintiMaktaba

Mimi nachukua maisha, mengine waje mafundi.

Jina lake ni Joseph Frank Keaton, kazaliwa tarehe 4 Oktoba 1895 huko Piqua, Kansas. Kijiji chenyewe hakikuwa kwao. Wazazi wake, Joe na Myra, walikuwa wasanii wa maonyesho ya kuzunguka, na uchungu ulimshika mama wakiwa njiani. Ile hadithi kwamba Houdini, yule mwanamazingaombwe, ndiye aliyempa jina la Buster baada ya kumwona akiporomoka ngazi, iwekeni kando. Maelezo ya mwanzo ya familia yanamtaja mchekeshaji mwingine, George Pardey. Houdini alichomekwa baadaye, na ni rahisi kuona faida yake kwenye matangazo.

Mwaka 1900 alikuwa tayari jukwaani na wazazi wake, kundi likiitwa The Three Keatons. Kazi yake ilikuwa kurushwa. Baba alimtupa kwenye mapazia, kwenye shimo la wapiga muziki, na mara nyingine kwa watazamaji wakorofi. Mgongoni mwa koti lake palishonwa mpini wa sanduku ili ashikike vizuri. Ule uso mkavu ulianzia hapo: mtoto aligundua kwamba akicheka yeye, ukumbi hucheka kidogo, akikaza uso, ukumbi unavunjika mbavu. Chama cha kuzuia ukatili kwa watoto cha New York kiliwaandama kwa miaka.

Mapema 1917 kundi lilivunjika kwa sababu ya ulevi wa baba. Buster akaenda New York akiwa na mkataba wa onyesho la jukwaani wa dola 250 kwa wiki. Kabla hajaanza, akakutana na mchekeshaji Roscoe Arbuckle aliyekuwa akipiga filamu fupi, akaingizwa kwenye The Butcher Boy, akapigwa mfuko wa unga usoni, na akauacha ule mkataba ili alipwe dola 40 kwa wiki. Kilichomvuta ni kamera. Aliiazima akaifungua vipande vipande kujua inavyokwenda, na ukitazama filamu zake za baadaye utaona zimetungwa na mtu anayejua mashine hiyo inaona nini na haioni nini.

Mwaka 1918 alipelekwa Ufaransa jeshini, akarudi masikio yake yakiwa yameharibika. Kuanzia 1920 mtayarishaji Joseph Schenck alimpa studio yake, ile iliyowahi kutumiwa na Chaplin. Mshahara ulikuwa dola 1,000 kwa wiki pamoja na robo ya faida. Hapo ndipo zilipotoka filamu fupi 19 (1920–1923), kisha ndefu 10, kuanzia Three Ages ya 1923 hadi Steamboat Bill, Jr. ya 1928. Wakati huo hakuna aliyemwandikia hati ya filamu: walikubaliana mwanzo, wakakubaliana mwisho, katikati pakajazwa kazini. Watu wa kuwakumbuka ni mpiga picha Elgin Lessley, fundi mkuu wa seti Fred Gabourie, na watunzi Clyde Bruckman na Jean Havez.

Kwa usiku wenu, wekeni One Week (1920) halafu Sherlock Jr. (1924). Msianze na The General. Ni filamu bora kuliko zote kwa maoni ya wengi, nami nakubali, lakini ni ndefu, na shujaa wake yuko upande wa majimbo ya Kusini ya Marekani yaliyopigania kuendeleza utumwa. Hilo linataka maelezo kabla ya taa kuzimwa. Pia tazameni kila filamu mpaka mwisho kabla ya kuionyesha: Neighbors, Seven Chances na College zina watu waliopakwa rangi nyeusi usoni kwa ajili ya mzaha. Mkishtukiwa nazo mbele ya wageni, lawama ni zenu.

FundiSeti

La ukuta nalijibu mimi, maana hapo watu hudanganyana sana. Hakuna hila ya kamera.

Filamu ni Steamboat Bill, Jr., ilipigwa kiangazi cha 1927 kando ya mto huko Sacramento, California. Tukio kubwa lilipangwa kuwa mafuriko. Mwaka huohuo mto Mississippi ukafurika na kuua watu, wenye fedha wakaogopa, ikabidi seti ambazo tayari zimejengwa zigeuzwe kuwa za kimbunga. Upepo ulitoka kwenye mashine zilizofungwa injini za ndege.

Ukuta wenyewe ulitengenezwa hivi. Kwanza ulilazwa chini ukiwa fremu tupu, na dirisha likajengwa kumzunguka Keaton mwenyewe, si kwa kukisia. Nafasi iliyoachwa, kwa maelezo yake, ni inchi 2 kila bega, inchi 2 juu ya kichwa na inchi 2 nyuma ya visigino, yaani kama sentimita 5. Mahali pa visigino pakapigiliwa misumari mikubwa ardhini. Ndipo ukuta ukainuliwa ukiwa umeshikwa na bawaba chini, nyumba ikamaliziwa nyuma yake. Siku ya kupiga picha yeye alitafuta ile misumari kwa miguu, akasimama, basi. Jambo la namna hiyo halina marudio.

Uzito unaotajwa mara nyingi ni tani 2. Watu husikia hivyo wakadhani ni kujitafutia sifa, kumbe uzito ndio uliokuwa usalama wake. Ukuta mwepesi wa mbao nyembamba ukiangushwa penye upepo wa injini za ndege hujipinda, kona moja hutangulia nyingine, na dirisha huhama. Ukiwa na sentimita 5 tu, ukuta ukijipinda kidogo mtu amekwisha. Ukuta mzito na mgumu huanguka kwenye njia moja, kama mlango.

Sasa hesabu ambayo wengi huikosea. Wanadhani dirisha linatakiwa kuwa kwenye urefu ulio sawa na umbali kati ya bawaba na mtu. Hiyo ni sahihi kwa miguu tu. Kichwa hukutana na ukuta mapema, ukuta ukiwa bado umeinama hewani. Chukua mfano (si vipimo vya filamu): visigino viko mita 3.60 kutoka bawaba, mtu ana mita 1.65, ambao ndio urefu wa Keaton. Utosi utakutana na sehemu ya ukuta iliyo umbali wa kipeuo cha pili cha 3.60 × 3.60 + 1.65 × 1.65, yaani mita 3.96. Hiyo ni sentimita 36 juu ya mahali ulipodhani. Na hapo hujahesabu unene wa mwili, kifua, pua, wala kofia. Ukikata dirisha kwa kipimo cha miguu, ukingo wa juu unampiga kisogoni.

Vinavyoharibu ni bawaba zisizokuwa kwenye mstari mmoja, udongo laini unaotitia upande mmoja ukuta ukianza kulala, mtu kuinama kwa woga, na kuhama hatua moja akitafuta kamera.

Naye hakuanzia kwenye tani 2. Wazo hilohilo lilifanywa kwa pazia jepesi la jukwaani kwenye Back Stage ya 1919 alipokuwa na Arbuckle, likarudi kwenye One Week mwaka 1920, ndipo likafika hapa.

Kama kikundi chenu kinataka kuliigiza: fremu ya mianzi na kitambaa, dirisha liwe na nafasi isiyopungua sentimita 40 kila upande, na kamba mbili kwenye kona za juu, kila moja na mtu wake nyuma, wakiuteremsha ukuta. Usiachiwe uanguke wenyewe. Kitambaa kizito hushika hewa kama tanga na kuupeleka ukuta pembeni, kwa hiyo tumieni chepesi kinachopitisha upepo.

Fremu16

Nashughulika na kamera na mwendo.

The Playhouse kwanza. Asili yake ni ajali: mwaka 1921 Keaton alikuwa akipiga The Electric House, kiatu kikanaswa kwenye ngazi ya umeme, kifundo cha mguu kikavunjika. Kazi iliyofuata ikabidi iwe ya hila za kamera kuliko kuanguka. Kwenye picha ya watu tisa, Lessley alifunga mbele ya lenzi kisanduku chenye milango tisa myembamba iliyosimama wima. Unafungua mlango mmoja, minane inabaki imefungwa. Keaton anacheza sehemu yake. Unafunga, unarudisha mkanda nyuma mpaka fremu (kipicha kimoja cha kwenye mkanda) ileile ulipoanzia, unafungua mlango wa pili, anahamia upande wa pili. Mara tisa, mkanda uleule.

Ugumu uko sehemu tatu. Milango ikipishana kidogo, ile sehemu hupata mwanga mara mbili na kutoa mstari mweupe. Ikiacha pengo, unapata mstari mweusi. Kamera ikiguswa hata kwa kiwiko, sakafu ya mtu wa tano haitakutana na ya mtu wa nne. Na kubwa zaidi ni mkono: kamera ilizungushwa kwa mkono, mizunguko 2 kwa sekunde, kila mzunguko fremu 8. Lessley akizungusha haraka kidogo mara ya sita, mtu wa sita anacheza polepole kuliko wenzake. Kwa dansi walitumia kipima mapigo cha muziki, Keaton akihesabu hatua kwa mlio. Kosa la mara ya tisa linatupa nane zilizotangulia.

Sherlock Jr. ni ufundi mwingine kabisa. Pale anapoingia kwenye skrini na mandhari yakawa yanabadilika huku yeye amebaki palepale, hakuna milango ya lenzi. Kila mandhari ilipigwa mahali pake, kwa siku yake. Walipima umbali wa kamera na mtu, na kimo cha kamera, kwa vifaa vya wapima ardhi. Kisha fremu za mwisho za picha iliyotangulia zilisafishwa hapohapo, kipande kikakatwa na kuwekwa kwenye dirisha la kamera, mpiga picha akatazama kupitia kipande hicho na kumsogeza Keaton mpaka alingane na umbo lake mwenyewe. Ukitaka kuona ubora wake, simamisha video kwenye kila badiliko utazame mabega.

Mwendo. Mkanda wa milimita 35 una fremu 16 kwa kila futi. Futi 1,000 ni fremu 16,000. Ukionyesha kwa fremu 16 kwa sekunde, unapata dakika 16 na sekunde 40. Kwa 20, dakika 13 na sekunde 20. Kwa 24, dakika 11 na sekunde 7. Sherlock Jr. ina takriban futi 4,000. Kwa fremu 24 ni dakika 44 na nusu hivi, kwa 18 ni dakika 59. Hapo ndipo urefu tofauti wa video zako unapotoka. Hakuna aliyekata kitu.

Ipi sahihi? Fremu 16 kwa sekunde ilikuwa kanuni kwenye makaratasi. Kufikia miaka ya 1920 kumbi zilionyesha haraka kuliko kamera ilivyopiga, na wachekeshaji walilijua hilo, wakaigiza kwa kulihesabia. Kwa filamu ndefu za Keaton chagua nakala iliyo kati ya fremu 20 na 24. Usihukumu kwa kukimbia, maana mbio mara nyingi zilipigwa kwa kuzungusha polepole makusudi ili zitoke za kasi. Tazama vitu ambavyo hakuna anayeviamuru: maji yanavyomwagika, vumbi linavyotua, moshi, nguo inavyoanguka. Maji yakiteremka kama asali, nakala iko polepole mno.

Kuhusu kofia na nguo mtakazotumia, jambo moja. Mkanda wa miaka ile ya mwanzo haukuona nyekundu kabisa; nyekundu ilitoka nyeusi, na buluu ya mbingu ikatoka nyeupe. Ndiyo maana nyuso zilipakwa poda nyeupe. Mkipiga picha za matangazo za kuiga, msiondoe rangi tu kwenye simu. Punguzeni nyekundu mpaka mwisho kabla ya kugeuza kuwa nyeusi na nyeupe. Tofauti itaonekana papo hapo, midomo hasa.

Mpenda_Sauti

Maelezo mazuri, lakini swali la kwa nini alififia limerukwa. Jibu si fupi tu? Sauti iliingia, akawa hana sauti nzuri, mchezo ukaisha. Kama wengine wote.

BintiMaktaba

Hapana ndugu, hilo ndilo linalorudiwa kila mahali na halishikani na tarehe wala fedha.

Sauti yake ilikuwa nzito, ya kukwaruza kidogo, na alikuwa amezungumza jukwaani tangu utotoni. Filamu zake za sauti za kampuni ya MGM, kama Free and Easy ya 1930, ziliingiza fedha. Iliyoshindwa sokoni ni The General, filamu bubu. Treni ya mvuke ilitumbukizwa kweli kwenye mto Row, karibu na Cottage Grove, Oregon, tarehe 23 Julai 1926, kwa gharama inayotajwa kuwa dola 42,000, kwa picha moja isiyoweza kurudiwa. Kichwa cha treni kikabaki mtoni mpaka vyuma vilipohitajika wakati wa Vita Kuu ya Pili. Wahakiki wengi wa wakati ule hawakuipenda na fedha hazikurudi kama ilivyotarajiwa. Kuanzia hapo wenye fedha walimchunga.

Tatizo ni umiliki. Chaplin alikuwa na studio yake na filamu zake. Mchekeshaji mwenzao Harold Lloyd alimiliki za kwake. Keaton hakumiliki hata mkanda mmoja. Alikuwa mwajiriwa wa kampuni yenye jina lake. Mwaka 1928 Schenck alifunga studio na kumpeleka MGM, iliyokuwa chini ya ndugu yake Nicholas, kwa dola 3,000 kwa wiki. Chaplin na Lloyd walimwonya asikubali. Filamu ya kwanza huko, The Cameraman, bado ni yake ukiitazama. Ya pili, Spite Marriage ya 1929, unaanza kuona mkono wa watu wengine.

Baada ya hapo ilikuwa hati iliyoandikwa na kamati, maneno mengi, na kuwekwa pamoja na mchekeshaji Jimmy Durante, ambaye hakuwa mtu wa kunyamaza. Kabla mafundi hawajaweza kutia sauti ya lugha nyingine, kila tukio la baadhi ya filamu lilipigwa upya kwa Kihispania, Kifaransa au Kijerumani, naye akikariri matamshi bila kuijua lugha. Mtu aliyezoea kuacha kazi katikati ya siku ili wafikirie kichekesho kipya, humweki kwenye ratiba ya namna hiyo ukapata kitu. Pombe ikapanda, ndoa yake na Natalie Talmadge ikavunjika 1932, mwaka 1933 MGM ikamfukuza.

Lakini kusema "mchezo ukaisha" ni kutia chumvi mno. Alipiga filamu fupi 16 za kampuni ya Educational (1934–1937) na 10 za Columbia (1939–1941), bajeti ndogo, nyingine hazitazamiki. MGM ilimrudisha kama mtunzi wa vichekesho kwa dola 100 kwa wiki, pale pale alipolipwa 3,000. Mwaka 1940 alimwoa Eleanor Norris, ambaye wengi wanamhesabu kuwa ndiye aliyemnyoosha. Mwaka 1947 alicheza kwenye sarakasi ya Cirque Medrano, Paris. Mwaka 1949 makala ya mhakiki James Agee kwenye jarida la Life iliwakumbusha Wamarekani wachekeshaji wa filamu bubu, naye akiwamo. Akaonekana kwenye Sunset Boulevard (1950) na Limelight (1952). Paramount walimlipa dola 50,000 kwa haki ya kutengeneza filamu ya maisha yake, The Buster Keaton Story ya 1957. Filamu yenyewe ni uongo mtupu karibu kuanzia mwanzo, ila fedha zake zilimnunulia nyumba. Akapewa Oscar ya heshima 1960, na alifanya kazi mpaka karibu na kifo chake, tarehe 1 Februari 1966, kwa saratani ya mapafu.

Ongezeeni hili kwenye maelezo ya ukumbini: kwenye Sherlock Jr., pale anaponing'inia kwenye bomba la tangi la maji la reli, maji yalishuka kwa nguvu kuliko walivyotarajia, akaanguka shingo ikagonga reli. Alipata maumivu makali ya kichwa, akaendelea na kazi. Miaka ya 1930 daktari ndiye aliyeona kwenye picha ya eksirei kwamba shingo iliwahi kuvunjika. Tukio hilo limo kwenye filamu, halijakatwa.

SindanoNaUzi

Kofia hainunuliwi. Hata yeye alijitengenezea, nyingi sana, kwa sababu zililoa na kukanyagwa kila wiki.

Chukua kofia ya pama ya sufu iliyogandamizwa, isiwe ya majani wala ya plastiki. Ishikilie juu ya mvuke wa birika mpaka ilainike, toa mikunjo yote, kisha ushushe kichwa chake kibaki kifupi na bapa juu. Kinachozidi kikunjie ndani na kukishona kwa uzi wa rangi ileile. Punguza ukingo kwa mkasi mkali, upana ulingane pande zote. Mpaka hapo una kofia inayolegea kama chapati.

Sasa dawa yake, na hii ni yake mwenyewe: vijiko vya chai 3 vya sukari vilivyojaa hadi kufura, ndani ya kikombe kimoja cha maji ya uvuguvugu. Lowesha ukingo juu na chini, ulaze kwenye kitu kigumu, safi na bapa, uunyooshe kwa kiganja, uache ukauke kabisa. Unatoka mgumu kama ubao.

Kuna matatizo mawili. Sukari ikizidi inaacha unga mweupe kwenye sufu nyeusi. Na kwa hewa ya pwani, sukari hunyonya unyevunyevu, kofia inanata na sisimizi wanaalikana. Kwa jukwaa la huku tumieni gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa, sehemu 1 ya gundi kwa 4 za maji, kazi ni ileile.

Keki: kwenye filamu zake mwenyewe Keaton hakurusha keki, hayo aliyaacha kwa Arbuckle. Lakini utaalamu alikuwa nao, na mwaka 1939 aliitwa kumrushia mwigizaji Alice Faye kwenye filamu ya Hollywood Cavalcade. Kanuni yake ni maganda 2 yaliyookwa matupu, moja limegandishwa ndani ya jingine ili vidole visitoboe. Sahani ya bati haitumiki, inakata uso. Ndani mimina uji mzito wa unga wa ngano na maji, kina cha inchi 1. Huo ndio unaonata na kuvutika. Juu yake inategemea unayempiga: mwenye nguo na nywele nyeupe apigwe cha rangi nzito kama zambarau au chokoleti, mwenye nguo nyeusi apigwe krimu. Kosa la kawaida ni kujaza krimu tupu, ambayo huteleza usoni kabla watazamaji hawajaiona.

Kinyago_Bubu

Nashukuru sana wakuu. Yamebaki mawili: kuanguka kwenyewe kunafundishwaje, na zile kadi za maandishi ya Kiingereza zinazotokea katikati ya filamu tufanyeje? Halafu, kisheria tuko salama?

FundiSeti

Kuanguka: siri aliyoitaja ni kulegeza mwili kabla ya kugusa chini na kuvunja kasi kwa mguu au mkono mmoja, mwili mzima usipokee pigo kwa pamoja. Kwa wanaoanza, godoro kwanza. Kidevu kifuani ili kisogo kisiguse, pumua nje unaposhuka, kaa chini kwanza ndipo ulale, usianguke kama gogo. Mkono usinyooshwe kiwiko kikiwa kimekaza, kifundo kitavunjika. Uupige chini kwa bapa, kiganja mpaka kiwiko, upande wa mwili. Mwigizaji akianza kufumba macho kabla ya kuanguka, mrudisheni kwenye godoro.

Fremu16

Kadi si tatizo kubwa kwa Keaton. Mwenyewe alisema filamu ya kawaida ilikuwa na kadi kama 240, na yeye hajawahi kuzidi 56. Mtu mmoja mwenye sauti anatosha, asome kwa Kiswahili kama wanavyotafsiri kwenye mabanda ya video, ila mwambieni asome kadi tu. Akianza kueleza kinachoonekana, kicheko kinakufa.

Sheria: kwa Marekani, filamu zilizotoka hadi mwisho wa 1929 hazina tena hakimiliki tangu tarehe 1 Januari 2025, kwa hiyo filamu zake zote bubu ziko huru huko. Muziki uliotungwa juzi na kuwekwa kwenye nakala iliyosafishwa una mwenyewe. Zimeni sauti ya video, wekeni mpiga kinanda au ngoma ukumbini, na muulizeni wa ofisi ya hakimiliki ya nchi yenu kabla ya kuuza tiketi. Jaribuni projekta na mwendo siku moja kabla, ukumbini hapohapo, kwa kipande cha tangi la maji.